Shafti, SBR, HGR au magurudumu: reli ipi kwa CNC unayoijenga nyumbani?

Mtu anayejenga ruta ya CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta) ya kukatia mbao, tuseme yenye eneo la kazi la milimita 600 kwa 900, hahangaiki sana na umeme wake. Bodi, mota za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) na programu hueleweka haraka, na kikiharibika kimoja kinabadilishwa. Kinachomkwamisha ni chuma: daraja linalobeba spindeli (mota inayozungusha biti ya kukatia) lipite kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama, bila kucheza, na bila kunepa biti inapoingia kwenye mninga. Hapo ndipo anapokutana na majina ya beringi na reli kama LM12UU, SBR16, HGR20 na MGN12, na kila muuzaji anaapa kwamba ya kwake ndiyo laini.

Zote ni laini zikiwa mkononi. Telezesha bloku (kigari kinachopanda reli) yoyote mpya juu ya kipande cha reli ulichokishika, utaipenda. Tofauti zinaanza pale reli mbili zinapofungwa sambamba juu ya fremu yako. Ndiyo maana kabla ya kuuliza reli ipi ni bora, jiulize unaweza kutengeneza uso ulionyooka kiasi gani kwa vifaa ulivyonavyo. Halafu jiulize unakata nini.

Kuna mambo mawili ya kutenganisha mapema, maana hata mafundi wazoefu huyachanganya. Ulaini ni daraja kwenda kwa uzito uleule njia nzima: kabla hujafunga mota, lisukume kwa kidole kimoja, na likianza kuwa zito katikati ya safari, jua mota nayo italisikia hilo na itapoteza hatua. Ukakamavu ni kitu kingine. Shika spindeli, ivute pembeni, uone kama biti inasogea. Mashine inaweza kuteleza vizuri ajabu na bado ikakata duara likatoka yai.

Shafti za duara zilizoshikwa ncha mbili

Hizi zimetokea kwenye printa za 3D na bado ndizo rahisi kupata. Beringi ya LM8UU ina tundu la milimita 8, kipenyo cha nje 15 na urefu 24. Ile ya LM12UU ni 12, 21 na 30. Unahitaji vishikio vinne tu vya kufungia ncha, na kama fremu yako haijanyooka sana, shafti haijali, kwa sababu haiigusi fremu katikati.

Na hapo hapo ndipo penye tatizo. Chukua shafti ya chuma ya milimita 12, yenye milimita 600 kati ya vishikio, uisukume katikati kwa niutoni 50, yaani kama uzito wa kilo tano. Kwa hesabu ya kawaida ya boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili, inanepa milimita 1 na kidogo. Zikiwa shafti mbili zinagawana mzigo, bado ni nusu milimita. Vishikio vikibana ncha sawasawa hali inakuwa afadhali, ila vishikio vingi vya alumini havibani kiasi hicho. Ongeza shafti ziwe za milimita 20 na mbili zitanepa kama 0.07, kwa sababu ukakamavu unapanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Urefu nao una hesabu yake: ukipunguza nusu, kunepa kunashuka mara nane.

Kwa hiyo shafti hizi si za kudharau, ila ni za njia fupi. Mhimili wa Z (wa juu na chini) wenye milimita 250, mashine ndogo ya kuchonga saketi, leza: sawa kabisa. Mhimili wa X (wa kulia na kushoto) wa milimita 600 unaobeba spindeli ya kukata mbao ngumu: hapana, hata ukipewa bure.

SBR: shafti iliyowekewa msingi

SBR16 na SBR20 ni shafti zilezile za duara, milimita 16 na 20, isipokuwa zimelazwa juu ya kitako cha alumini urefu wote. Bloku yake imekatwa upande wa chini ili ipite juu ya kitako hicho. Habari ya kunepa katikati imekwisha, maana sasa kinachobeba ni fremu.

Sifa yake kubwa ambayo wauzaji hawaitaji ni kwamba inasamehe. Bloku inaweza kuzunguka kidogo juu ya shafti ya duara, kwa hiyo kama reli ya kulia imeinama nyuzi kidogo kuliko ya kushoto, daraja haligundui. Fremu ya plaiwudi nene, au ya paipu za mraba zilizochomelewa na fundi wa mtaani kisha hazikupelekwa popote kusawazishwa, inaweza kubeba SBR na mashine ikateleza bila ugomvi.

Kasoro zake ziko wazi. Gololi ndani ya bloku zinagusa mgongo wa shafti kwa nukta ndogo mno, kwa hiyo uwezo wake ni mdogo: bloku moja ya SBR16 huzunguka kwenye kilo mia, wakati bloku ya HGH20CA, ya reli ya mraba ya HGR20, imepimwa kubeba zaidi ya tani moja. Usitishwe sana na tofauti hiyo, maana hakuna ruta ya nyumbani inayobeba tani. La kuangalia ni mdomo ule uliokatwa. Mzigo unaoikandamiza bloku chini unabebwa vizuri, lakini unaoivuta juu au pembeni kuelekea kwenye uwazi unakuta ganda limelegea na gololi zimepungua. Ukizifunga reli za daraja zikiwa zimesimama wima, spindeli ikining'inia mbele, unaziweka kwenye upande wao dhaifu.

Bloku nyingi za SBR zina kiskrubu kidogo ubavuni cha kubana. Kaza taratibu huku ukitelezesha, na ukiona bloku inaanza kugoma, rudisha robo ya mzunguko. Ukikaza kwa hasira gololi zitachimba shafti, na utasikia mkwaruzo huo kwa kidole kila ukipitisha.

HGR: reli ya mraba yenye mifereji

Hii ndiyo wengi wanaiota. Kampuni ya THK ya Japani ilitoa reli za aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo herufi HG zinazotumiwa madukani zinatoka kwa Hiwin ya Taiwan, hata pale reli yenyewe inapokuwa ya kiwanda kingine. HGR15 ina upana wa milimita 15, HGR20 ina 20, na zote mbili zina tundu la bolti kila milimita 60: bolti za M4 kwa 15, M5 kwa 20. Gololi zinatembea ndani ya mifereji, safu nne, zikiwa zimeinama nyuzi 45, kwa hiyo ukisukuma juu, chini, kulia au kushoto, bloku inashika sawasawa. Hapa SBR haifui dafu.

Tatizo ni kwamba watu wengi wanaamini reli hii itainyosha fremu yao, na mambo huwa kinyume. Reli ya milimita 15 ukiifunga kwa bolti kila milimita 60 juu ya paipu ya mraba iliyopinda kwa joto la kuchomelea, reli ndiyo inayomfuata paipu. Kisha bloku, iliyotengenezwa kwa maikroni, inapita juu ya kilima hicho na kushuka bondeni, na kwa kuwa haina mahali pa kuzungukia kama SBR, inagoma. Matokeo yake unakuta mashine ya reli ghali inayokwenda kwa kusitasita kuliko ya jirani yenye SBR juu ya plaiwudi.

Jinsi ya kujua kama fremu yako iko tayari: laza reli bila bolti, jaribu kupenyeza karatasi nyembamba ya fila geji (vibati vya kupimia mianya) chini yake njia nzima. Ile ya milimita 0.05 ikiingia mahali na mahali pengine ikakataa, bado una kazi. Kwa msokoto wa fremu, piga uzi wa nailoni kutoka pembe hadi pembe, nyuzi mbili zikikatana katikati. Zikigusana tu bila kusukumana na bila kuachana, pembe nne ziko kwenye uso mmoja. Ili usidanganyike, badilisha uzi wa juu uwe wa chini, upime tena. Waashi wanajua kazi hii kuliko watu wa CNC.

Asiye na mashine ya kusawazishia chuma anaweza kumwaga epoksi. Tumia ile nyepesi inayokauka polepole, ya jamii ya ile wanayomwagia meza za mbao. Unazungushia kingo za mkanda juu ya paipu zote mbili, unaziunganisha kwa mfereji mdogo ili kimiminika kiwe kwenye kimo kimoja pande zote, unamwaga, halafu unaacha kwa siku kadhaa bila kuigusa meza. Ikikauka, utaona pembezoni imepanda kidogo kufuata ukingo, kama maji yanavyopanda kwenye ubavu wa glasi. Sehemu hiyo ipigwe tupa, au reli ikae mbali nayo, la sivyo reli itakaa juu ya mdomo huo na kazi yote itakuwa bure.

Kufunga nako kuna utaratibu. Reli ya kwanza ndiyo bwana: inyoshwe kwa rula ya chuma na ikazwe yote. Ya pili iachwe na bolti zilizolegea, daraja lifungwe juu ya bloku zote nne, kisha lisukumwe hadi mwisho mmoja, zikazwe bolti za hapo, lisukumwe hadi mwisho wa pili, zikazwe za huko, na katikati zifuate. Daraja lenyewe ndilo linaloionyesha reli ya pili mahali pa kukaa.

Kuhusu mkazo wa ndani, yaani gololi zinavyobanwa kwenye reli, bloku za HG huja kwa kiwango cha Z0 (mdogo), ZA (wa kati) au ZB (mkubwa). Kwa fremu ya nyumbani chukua Z0, ukijitahidi sana ZA. ZB ni kwa wenye uso uliosagwa kiwandani. Na ukipokea mzigo, usiichomoe bloku kwenye reli bila kipande cha plastiki kilichokuja nayo, maana kwenye bloku nyingi, hasa zile ndogo za MGN12 (reli nyembamba za milimita 12), gololi humwagika sakafuni. Kuziokota moja moja chini ya meza ni kazi ya jioni nzima.

Magurudumu ya plastiki

Mwaka 2011 Bart Dring alichangisha fedha kwenye Kickstarter kwa ajili ya MakerSlide, alumini yenye kingo za V ambazo magurudumu yanazipanda. Mwaka huohuo Edward Ford akaitumia kwenye mashine yake ya CNC, Shapeoko, na tangu hapo mtindo huo umeenea dunia nzima. Uzuri wake ni kwamba fremu ndiyo reli. Unakata alumini, unaunganisha, umemaliza. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja kuna faida ya ziada: reli za HGR na shafti za SBR ni chuma cha beringi, si chuma kisichoshika kutu, na hewa ya chumvi inazila kuanzia kwenye ncha zilizokatwa. Alumini iliyotiwa rangi ya umeme (anodized) haina habari hiyo.

Kubana kwake ni kwa nati zenye tundu lililokaa upande. Igeuze nati huku umeshika bati linalobeba magurudumu, na kwa kidole jaribu kulizungusha gurudumu lenyewe: linatakiwa likwaruze juu ya alumini kwa shida kidogo. Likizunguka kama feni, limelegea. Likikataa kabisa, umebana mno, na ukiiacha mashine hivyo kwa wiki nyingi gurudumu litapata bapa, utalihesabu kila linapopita.

Ila plastiki ni plastiki. Biti ikiegemea mbao ngumu, gurudumu linabonyea. Unga wa mbao nao unajikusanya kwenye V, unagandamizwa na gurudumu mpaka unakuwa gamba, na daraja linaanza kurukaruka juu yake. Shapeoko yenyewe ilipofika kwenye toleo la Pro ilihamia reli za mraba. Kwa leza, kwa kukata sponji, vibao vya matangazo na plaiwudi nyembamba, magurudumu yanatosha na kubaki. Kwa kuchonga mlango wa mkongo, hayatoshi.

Beringi za 608 juu ya flatibaa

Hii ndiyo njia ya karakana zetu. Beringi ya 608, tundu milimita 8, nje 22, unene 7, inapatikana kila duka la beringi, na bolti ya M8 inaingia bila kusukumwa. Unazipanga juu, chini na ubavuni mwa flatibaa au engo, na kigari kimekamilika. Ulaini wake wote unategemea chuma ulichochagua. Engo iliyotoka kiwandani ikiwa ya moto ina magamba meusi na mawimbi, na kila wimbi linafika kwenye kazi yako. Tafuta chuma kilichovutwa baridi, chenye uso unaong'aa na pembe kali, au paipu ya mraba ya namna hiyo.

Kwa ruta siipendi, kwa sababu beringi hizo zimetengenezwa kubeba mzigo unaozikandamiza kwenye mzingo, na ubavuni zinacheza. Kwa meza ya plazima, inayokata bati kwa moto wa umeme, hata hivyo, ndiyo ningeanza nayo. Tochi ya plazima haigusi bati, kwa hiyo hakuna nguvu ya kukata, ni uzito wa tochi tu, na vumbi la chuma la karakana lingeiua bloku ya HGR ndani ya muda mfupi huku 608 ikibadilishwa kwa pesa ya chai.

Reli za droo ziachwe kwenye droo.

Reli nzuri, mwendo bado wa kusitasita

Wengi wanabadilisha reli wakati kosa liko kwenye kinachosukuma. Mota ya hatua 200 ikiendesha mkanda wenye meno wa GT2 kwa puli ya meno 20 inasogeza milimita 0.2 kwa kila hatua kamili. Skrubu ya T8 yenye mwendo wa milimita 8 kwa mzunguko inasogeza 0.04, na skrubu ya gololi ya SFU1605 inasogeza 0.025. Ukigawa hatua mara nane kwenye draiva ya mota, mkanda unafika 0.025 na mtetemo unapungua sana. Mkanda ni mtulivu na wa haraka, lakini ukiwa mrefu unavutika. T8 ni rahisi, nati yake ya shaba inalegea, na ikiwa ndefu inayumba katikati ikizunguka haraka. SFU1605 ndiyo yenye mwendo wa kunyooka, ila haijifungi yenyewe: umeme ukikatika kazini, spindeli nzito inaweza kuteremka na kuacha biti imezama kwenye ubao. Kwa umeme wetu, jambo hilo lifikiriwe kabla ya kununua. T8 yenye mwendo wa milimita 2 kwenye Z ni ya polepole, lakini inabaki pale ilipo.

Halafu kuna kanuni ya mbili kwa moja: umbali kutoka kwenye reli hadi mahali nguvu inaposukuma usizidi mara mbili ya nafasi kati ya bloku mbili za reli hiyo. Daraja la milimita 700 likisukumwa na skrubu moja katikati, umbali ni 350. Bloku zako zikiwa zimeachana 150, umevuka mara mbili, na daraja linaweza kujikaba kama droo pana inayovutwa kwa pembe moja. Sogeza bloku ziachane 200, au weka mota mbili, moja kila upande. Usitegemee reli ghali peke yake ikuokoe na hilo.

Ukiniuliza ninunue nini

Fremu ya plaiwudi au ya kuchomelea isiyosawazishwa, kazi ni mbao: SBR20 kwenye mhimili mrefu, zikiwa zimelala chali, SFU1605 mbili za kusukuma. Fremu uliyoimwagia epoksi au uliyoipeleka kusawazishwa, kazi ni mbao ngumu na alumini mara mojamoja: HGR20 kwenye mrefu, HGR15 kwenye daraja. Leza au kalamu: magurudumu, au MGN12 kama pesa ipo. Plazima: 608.

Pesa ikitosha jozi moja tu ya HGR15, iende kwenye Z. Ni mhimili mfupi, kwa hiyo bati moja la alumini la milimita 12 linalosawazishwa kwenye karakana yoyote yenye mashine ya kusagia chuma (mili) linakupa uso halali wa kufungia reli, jambo ambalo mihimili mingine inakunyima. Isitoshe, spindeli inaning'inia hapo, na kila kulegea kwa bloku za Z kunakuzwa na urefu wa biti kabla hakujafika kwenye ubao. X na Y zibaki na SBR, utakata nazo vizuri. Reli zikifika, zifute mafuta ya kuhifadhia kwa mafuta ya taa, pakaza grisi ya lithiamu kupitia nipo (tundu la grisi) ya bloku, na uelekeze bomba la kunyonya vumbi kwenye biti yenyewe kabla hujakata ubao wa kwanza.